Gretl na kazi ya kuchagua jaribio la takwimu linaloifaa data ya uchumi

Kwa miaka kadhaa sasa kazi yangu ya kila siku imekuwa kuchambua data za uchumi na kuwasaidia wanafunzi wa shahada ya uzamili waliofika sura ya nne ya tasnifu zao, na programu ninayoifungua kabla ya nyingine zote ni gretl. Nimeona niiandikie tathmini kwa kuangalia jambo moja ambalo watu huliacha wanapozisifu au kuzilaumu programu za takwimu, nalo ni hili: je, programu inamsaidia mtumiaji kuchagua jaribio linaloifaa data aliyo nayo, au inamwekea mbele orodha ndefu ya majina ya wataalamu na kumwachia abonyeze mojawapo? Uzuri wa michoro na kasi ya kukokotoa nitavigusa pale tu inapobidi.

Gretl ni programu huria na hutolewa bure. Waandishi wake wakuu ni Allin Cottrell wa Chuo Kikuu cha Wake Forest, Marekani, na Riccardo Lucchetti wa Chuo Kikuu cha Politecnica delle Marche kilichopo Ancona, Italia, na imekuwa ikitolewa tangu mwaka 2000. Inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux, haihitaji intaneti baada ya kusakinishwa, na kwangu imeendeshwa kwa miaka bila shida kwenye kompyuta mpakato ya zamani yenye RAM ya GB 4. Haina leseni inayoisha muda wakati mtu amebakiza wiki mbili kukabidhi kazi, na kwa mwanafunzi anayejisomesha mwenyewe hilo si jambo dogo.

Nieleze kwanza kwa nini suala la kuchagua jaribio linanigusa. Tasnifu yangu ya uzamili ilihusu ujazi wa fedha na fahirisi ya bei, data za mwaka kwa mwaka. Kwa kuwa sikujiamini, nilimlipa mtu aliyekuwa akichambua data za wanafunzi katika duka moja la vifaa vya ofisi karibu na chuo. Baada ya siku mbili alinirudishia kurasa zilizopigwa chapa vizuri: rigresheni ya kawaida (mlinganyo unaokadiria jinsi kigezo kimoja kinavyokwenda na vingine), nyota tatu za kuonyesha kwamba uhusiano si wa bahati kando ya kila kigezo, na R mraba, yaani sehemu ya mabadiliko inayoelezwa na mlinganyo, iliyozidi 0.9. Siku ya utetezi, profesa aliyeongoza jopo alifunua ukurasa huo, akautazama kwa muda, kisha akaniuliza kwa upole, “Mwanangu, Durbin-Watson yako hapa ni ngapi?” Nilipoitafuta takwimu hiyo, inayopima kama masalio (makosa ya mlinganyo) ya mwaka mmoja yanafuatana na ya mwaka uliotangulia, nikaikuta chini kabisa ya jedwali, ndogo kuliko hiyo R mraba niliyokuwa nikijivunia. “Na rigresheni hii uliichagua kwa sababu gani?” Sikuwa na jibu, kwa sababu sikuwa nimeichagua mimi.

Alichokiona yule mzee kilikwisha kuelezwa na Granger na Newbold mwaka 1974. Walitengeneza mifululizo isiyohusiana kabisa, kila mmoja ukitangatanga kivyake, kisha wakaulinganisha mmoja na mwingine kwa rigresheni ya kawaida. Takriban robo tatu ya mara hizo, jaribio la t, linalopima kama uhusiano ni wa kweli au wa bahati tu, lilidai kwamba kuna uhusiano. Ndiyo maana waliwaonya wachumi kuwa R mraba inapoizidi Durbin-Watson, matokeo hayo yatiliwe shaka. Bei hupanda mwaka hadi mwaka, ujazi wa fedha hupanda, idadi ya akaunti za fedha kwa simu hupanda, hata idadi ya pikipiki barabarani hupanda, na ukichukua vitu viwili vyovyote vinavyopanda pamoja utapata nyota tatu. Katika gretl unaweza kulirudia zoezi lao kwa mistari michache ya amri, na mimi humfanyisha kila mwanafunzi wangu mpya zoezi hilo kabla hajagusa data yake mwenyewe, kwa sababu mtu akishayaona macho yake yakidanganywa mara sabini katika mia, hatalichukulia tena jaribio la t kama mhuri wa serikali.

Jambo la kwanza linaloipa gretl sifa machoni pangu hutokea kabla ya jaribio lolote. Ukiingiza faili la Excel au CSV ambalo programu haikuweza kulisoma tarehe zake, inafungua kidirisha kidogo na kukwambia kwamba imezichukulia data hizo kuwa za wakati mmoja, zisizo na mpangilio wa tarehe, kisha inauliza kama ungependa kuzitafsiri kuwa mfululizo wa wakati au paneli. Watu wengi hubonyeza “hapana” kwa haraka ili waendelee. Swali lile lakini ndilo mlango wa kila uchaguzi utakaofuata. Wafanyabiashara 400 waliohojiwa mara moja sokoni ni data za aina moja, fahirisi ya bei ya kila mwezi kwa miaka kumi ni za aina nyingine, na nchi tano zilizofuatiliwa kwa miaka ishirini ni za aina ya tatu. Ukijibu sawasawa, menyu zenyewe zinabadilika: data ikiwa ya wakati mmoja, majaribio yasiyo na maana kwake, kama lile la masalio ya mwezi huu kufuatana na ya mwezi uliopita, hayakubali kubonyezwa. Programu imekukatalia kwa adabu kosa ambalo lingekugharimu sura nzima.

Kwenye mifululizo ya wakati ndiko nimekaa zaidi, na ndiko ninakoipa gretl alama za juu. Swali la kwanza hapo ni kama mfululizo ni tulivu, yaani hurudi kwenye wastani wake baada ya kutikiswa, au una kile kinachoitwa mzizi wa moja, ambapo kila mtikisiko hubaki milele na mfululizo hauna nyumbani pa kurudi. Jaribio linalojulikana zaidi ni la Dickey na Fuller, la mwaka 1979, na mpinzani wake ni lile linaloitwa KPSS, la mwaka 1992. Wanafunzi huyatumia yote mawili kama mapacha, ilhali yanaanzia pande tofauti: Dickey-Fuller huanza kwa kudai kwamba mzizi upo na kukutaka uukatae, na KPSS huanza kwa kudai kwamba mfululizo ni tulivu na kukutaka uukatae utulivu huo. Thamani ndogo ya p (uwezekano wa kupata matokeo ya namna hiyo kama dai la kuanzia lingekuwa kweli) katika la kwanza ni habari ya utulivu. Thamani ndogo ya p katika la pili ni habari ya kinyume chake. Nimeona tasnifu ambamo majaribio haya mawili yalisomwa kwa kanuni moja, na mwandishi akashangaa kwamba “yanapingana” wakati yalikuwa yanakubaliana kabisa.

Hapa gretl hufanya jambo ambalo ningependa kila programu iige. Katika matokeo ya Dickey-Fuller inaandika kwa maneno dai la kuanzia ni lipi, inasema kama jaribio limefanywa na namba ya kudumu peke yake au pamoja na mwelekeo, inataja idadi ya miezi ya nyuma iliyohusishwa, na ndipo inatoa thamani ya p iliyokokotolewa kwa mgawanyo unaohusika. Hili la mwisho ni la maana kuliko linavyoonekana. Jaribio likiwa na namba ya kudumu na sampuli kubwa, mpaka wa kukataa kwa asilimia 5 ni takriban −2.86, na ukiongeza mwelekeo unakuwa takriban −3.41, ilhali jedwali la kawaida la upande mmoja lingekupa −1.65. Mwanafunzi aliyepata −2.2 na kufungua jedwali la t nyuma ya kitabu atatangaza ushindi usio wake.

Bado kidirisha cha jaribio hilo kinakuachia maamuzi, na ni haki kikuachie, maana maamuzi hayo yanatoka kwenye ufahamu wa uchumi wenyewe. Je, uweke mwelekeo? Fahirisi ya bei inapanda kwa hiyo uweke; kiwango cha mfumuko wa bei chenyewe hakina sababu ya kupanda milele kwa hiyo usiweke. Je, uweke vigezo vya msimu? Bei ya mahindi nchini Tanzania hushuka baada ya mavuno ya katikati ya mwaka na kupanda tena kuelekea miezi ya mwanzo ya mwaka unaofuata, kwa hiyo mtu anayepima bei hiyo kwa mwezi na kuliacha tupu kasha la vigezo vya msimu anakuwa amelipima jaribio lake pamoja na mvua. Kasha hilo lipo palepale kwenye kidirisha, ni la kutia alama tu. Kuhusu miezi mingapi ya nyuma ihusishwe, unaweza kuweka idadi ya juu na kuiagiza programu ipunguze yenyewe kwa kigezo unachokitaja. Nashauri jambo hilo liandikwe kwenye tasnifu, kwa sababu idadi hiyo ikibadilika matokeo nayo huweza kugeuka.

Kuna mtego mwingine ambao programu haiwezi kuuona kwa niaba yako. Perron alionyesha mwaka 1989 kwamba mfululizo tulivu uliovunjika mahali fulani, tuseme kwa badiliko la sera, unaweza kuonekana kuwa na mzizi wa moja mbele ya Dickey-Fuller. Kwetu mivunjiko haikosekani, na mingine si ya uchumi hata kidogo bali ya uandikaji: fahirisi ya bei ya Tanzania yenye kizio (kipindi cha msingi) cha Desemba 2015 na ile yenye kizio cha 2020 zikibandikwa kichwa kwa mkia bila kuunganishwa kwanza, utapata mporomoko wa bei ambao hakuna mama yeyote sokoni aliyewahi kuuona. Mivunjiko ya kweli nayo ina namna yake ya kupimwa. Januari 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilianza kutumia mfumo wa sera ya fedha unaotegemea riba, ikianzia na asilimia 5.5. Tarehe hiyo inajulikana kutoka nje ya data, kwa hiyo jaribio la Chow, linalouliza kama uhusiano ulibadilika katika tarehe uliyoitaja, linafaa. Lakini kama umeipata tarehe kwa kuutazama mchoro na kuona mahali palipopinda, thamani ya p ya Chow haina uhalali tena, kwa kuwa umekwisha kuchagua mahali panapokupendeza. Hapo unahitaji jaribio la QLR, ambalo hupita kila tarehe na kuzingatia kwamba tarehe imetafutwa. Gretl inayo yote mawili kwenye menyu moja, yamepangwa jirani. Angalizo ni kwamba QLR huacha asilimia 15 ya data kila upande. Ukiwa na miezi 120 kuanzia Januari 2015 hadi Desemba 2024, miezi 18 ya mwisho haichunguzwi, na badiliko la Januari 2024 limo ndani ya miezi hiyo. Mtu anayesema “QLR haikuona badiliko la sera” katika data hizo hajaliuliza swali hilo.

Mifululizo ikiwa haina utulivu, hatua inayofuata ni kuuliza kama imefungwa pamoja kwa muda mrefu, na hapo kuna Engle na Granger wa 1987 kwa uhusiano mmoja, na Johansen wa 1988 pale uhusiano unapoweza kuwa zaidi ya mmoja. Yote mawili yamo na yanafanya kazi vizuri. Tatizo ninalokutana nalo halitokani na programu: ni hamu ya kulitumia jaribio la Johansen kwenye data ya mwaka. Chukua miaka 33, vigezo vitano na miaka minne ya nyuma. Unabaki na miaka 29 inayotumika, na kila mlinganyo wa mfumo huo una namba 21 za kukadiria pamoja na ile ya kudumu. Digrii za uhuru, yaani miaka inayobaki baada ya kutoa namba za kukadiria, ni nane. Gretl itakokotoa bila kulalamika, jedwali litatoka limenyooka, na hakuna kitakachokwambia kwamba umejenga nyumba juu ya vijiti nane. Ningetamani ionye.

Baada ya kukadiria modeli, dirisha la matokeo lina menyu yake ya majaribio, na hii ndiyo sehemu ninayowaonyesha watu wanaotoka kwenye programu nyingine. Jaribio la White la 1980 na la Breusch na Pagan la 1979 kwa makosa yenye mtawanyiko usio sawa, RESET ya Ramsey kwa umbo la mlinganyo, ukawaida wa masalio (kama mgawanyo wake una umbo la kengele), ARCH kwa mtawanyiko unaobadilika kadiri ya muda, CUSUM kwa uthabiti wa modeli, vyote viko hapo. Kila unapofanya jaribio na kulihifadhi, linajiandika chini ya modeli kwa mistari mitatu: dai la kuanzia kwa maneno, takwimu ya jaribio, na thamani ya p. Kwa White, kwa mfano, mstari wa kwanza unasema waziwazi kwamba dai la kuanzia ni kutokuwepo kwa mtawanyiko usio sawa. Mtu hawezi tena kusema alisahau upande gani ni upi. Na jaribio hilo likikataa, tiba ipo kwenye kidirisha cha kukadiria: kasha la makosa sanifu imara, yanayofaa hata mtawanyiko usipokuwa sawa. Kuhusu ukawaida, nafurahi kwamba menyu hii inapima masalio, kwa kuwa masalio ndiyo yanayohusika. Wanafunzi wengi huhangaika kuupima ukawaida wa kila kigezo na kuvitupa vigezo vyema bila sababu.

Kwa paneli nitasema machache. Ukikadiria modeli ya athari nasibu (inayochukulia kwamba tofauti za kudumu kati ya nchi hazihusiani na vigezo vya modeli), jaribio la Hausman la 1978, linalopima dhana hiyo, na la Breusch-Pagan la kupima kama tofauti hizo zipo, huchapishwa bila kuombwa, jambo linalomwondolea mtu kisingizio cha kuyaruka. Lakini wanaofanya kazi ya Kenya, Uganda, Tanzania, Rwanda na Burundi wajue kwamba kwa njia ya kawaida ya programu hii, nchi tano hazitoshi ukiwa na vigezo vitano, kwa sababu inabidi kwanza ikadirie rigresheni ya wastani wa kila nchi, na nchi tano haziwezi kubeba namba sita. Programu itagoma na kusema haiwezi. Imefanya sawa kugoma.

Data za kaya na za wafanyabiashara wadogo zinataka fikra tofauti, na hapa gretl ni ya wastani. Tuseme unalinganisha mapato ya siku ya mama lishe wa masoko mawili. Mapato hayo hayakai kwa ulinganifu: wengi wako chini na wachache wako juu sana, na mmoja mwenye tenda ya kulisha mafundi wa jengo zima anaweza kuuvuta wastani wa soko lake peke yake. Desturi ni kukimbilia jaribio la Wilcoxon la kupanga nafasi, nalo lipo kwenye menyu ya zana pamoja na jaribio la alama. Kabla ya kulibonyeza, ni muhimu kujua unachouliza. Wilcoxon haipimi tofauti ya wastani. Inauliza kama mtu wa soko hili huelekea kumzidi mtu wa soko lile. Ukitaka kujua hali ya mama lishe wa kawaida, swali hilo linakufaa. Ukitaka kukisia jumla ya ushuru ambao halmashauri ingekusanya, jumla hutokana na wastani, na yule mwenye tenda ni sehemu halali ya jibu. Huna ruhusa ya kumnyamazisha kwa kupanga nafasi. Data ileile inaweza kuhitaji majaribio mawili tofauti kwa maswali mawili tofauti.

Kama waliohojiwa ni walewale kabla na baada ya mkopo, data ni za jozi, na jaribio la makundi mawili huru halifai tena. Wilcoxon ya jozi ipo, lakini kwa jaribio la t la jozi nililazimika kutengeneza safu mpya ya tofauti na kuipima dhidi ya sifuri. Si kazi ngumu, ila asiyejua ataishia kubonyeza lile la makundi huru lililo karibu. Kwa majibu ya dodoso, jedwali mtambuka hutoa khai mraba, kipimo cha kama majibu ya maswali mawili yanahusiana, na programu hutoa onyo visanduku vingi mno vikiwa na marudio tarajiwa yaliyo chini ya 5. Onyo hilo nimelishukuru mara nyingi.

Pale ambapo nimelazimika kuiacha gretl ni kwenye tafiti kubwa za kaya zilizochaguliwa kwa matabaka na vishada (makundi ya kaya za eneo moja), kama Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya unaofanywa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu. Uzito wa sampuli unaweza kuutumia, na vishada unaweza kuvizingatia katika makosa sanifu, lakini muundo kamili wa sampuli ya namna hiyo unashughulikiwa vizuri zaidi na programu za R au Stata, na huko ndiko ninakokwenda. Vilevile jaribio la mipaka la Pesaran, Shin na Smith la 2001, la kupima uhusiano wa muda mrefu, ambalo tasnifu nyingi za kwetu hulitaka, sikulikuta kwenye menyu zake za kawaida. Kuhariri data ndani ya programu kunachosha. Nasafisha kila kitu kwenye Excel kwanza. Mwongozo wake ni mzuri na mrefu, ila ni wa Kiingereza.

Jambo la mwisho ambalo limenifanya nibaki nayo ni kumbukumbu ya amri. Kila unachobonyeza kwenye menyu kinaandikwa pembeni kama amri, kwa mpangilio, pamoja na machaguo uliyoyafanya: mwelekeo uliwekwa au haukuwekwa, msimu ulizingatiwa au haukuzingatiwa, miezi ya nyuma mingapi. Mwanafunzi anapokuja kwangu na kazi yake, faili hilo ndilo ninalomwomba kwanza, kabla ya jedwali la matokeo, na tunalipitia pamoja mstari kwa mstari huku akinieleza sababu ya kila mmoja.